Jinsi ya Kutawaliwa na Watoto Wawili Treila Ikiwa Malaba

Mwongozo huu ni wa mama ambaye mume wake anaendesha treila, na nyumba yao iko popote kati ya Gilgil na Salgaa. Nimeanza na madereva kwa sababu barabara yao inapita katikati ya maisha yetu. Mzigo hutoka bandarini Mombasa, hupita Nairobi, hukata Nakuru, hupanda Mau na kuteremka hadi Malaba, na ukishavuka hapo bado kuna Kampala, Kigali au Juba. Reli ya SGR ilipofika Suswa mwaka 2019, makontena mengine yalianza kupakiwa upande wa Naivasha, lakini Juba haikusogea hata hatua moja. Kama mume wako ni mwanajeshi wa Lanet, au mwalimu aliyepangiwa Lodwar, soma tu, mengi yanafanana. Na wewe baba uliyebaki na watoto kwa sababu mama yao anafanya kazi Riyadh au Doha, mwongozo huu ni wako pia. Kila nilipoandika mama, jisome wewe.

Watoto ninaowazungumzia wako kati ya kuanza kutembea na kuanza chekechea. Nitawaita Mkubwa, mwenye miaka mitatu na kidogo, na Mdogo, ambaye hajafikisha miezi 18. Wawili hao ndio serikali ya nyumba. Wana amri nyingi, hawana bajeti, na hawapokei rufaa baada ya saa kumi na moja jioni. Tuanze na siku ambayo raia mwenzako anaondoka.

Siku ya kuondoka

Asitoroke. Wako wanaume wema kabisa ambao husubiri watoto walale ndipo wabebe begi, wakidhani wanawaepushia machozi. Mtoto aliyelala baba akiwepo na kuamka baba hayupo hujifunza jambo moja tu: ukifumba macho, watu wanapotea. Usiku unaofuata hatafumba macho, na atakayekaa naye hadi saa saba za usiku si yule aliyeko Burnt Forest. Kwa hiyo baba aage mchana, mlangoni, viatu vikiwa miguuni. Mkubwa atalia. Atajitupa chini mbele ya kibanda cha mama mboga, atang'ang'ania begi, atataka kuondoka na kofia ya turnboi, msaidizi wa baba kwenye treila. Mwache alie. Kilio cha kuaga kina mwisho, kwa kawaida mwisho wenyewe ni ndizi.

Kabla hajaondoka, mpe kazi zinazohitaji mabega au pesa za mkupuo: mtungi wa gesi ujazwe, tokeni za stima zinunuliwe, mitungi ya maji ijazwe, bawaba ya mlango wa jikoni ipigwe misumari. Mwombe pia aache fulana aliyoivaa, bila kufuliwa. Mkubwa alale nayo. Watu watakwambia ni uchafu. Ni harufu ya babake, na kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni nusu ya baba.

Halafu kuna swali la atarudi lini. Usimpe mtoto tarehe, na usimwambie Jumamosi. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba, madereva wakisubiri majibu ya vipimo kwa siku kadhaa, na kila mama aliyekuwa ameahidi Jumamosi aliulizwa kuhusu Jumamosi asubuhi, mchana na jioni. Hata sasa mpaka unaweza kukwama kwa sababu ambazo hata dereva haambiwi. Mwambie Mkubwa maneno ambayo hayawezi kukugeuka: baba anaendesha, akimaliza kazi anarudi, atatupigia simu kabla hatujalala.

Saa kumi na moja hadi saa mbili usiku

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nyumba huanguka au husimama.

Asubuhi mtu yeyote anaweza kulea. Asubuhi watoto wana usingizi uliowatosha na wewe una chai. Lakini ikifika saa kumi na moja jioni, Mdogo ameshaanza kutembea huku akilia bila kujua anataka nini, Mkubwa anataka kikombe cha bluu ambacho kiko kwenye maji machafu, na wewe ndipo unakumbuka hujaloweka chochote. Katika nyumba yenye watu wazima wawili, mmoja angeshika watoto na mwingine angeshika mwiko. Hapa uko mmoja, na siri yote ya mwongozo huu ni kukubali kwamba uko mmoja. Usijaribu kuwa wawili. Mama anayejaribu kuwa yeye na baba kwa pamoja hufika Jumatano akiwa si yeyote kati yao.

Kwa hiyo chakula cha jioni kipikwe mchana, Mdogo akiwa amelala. Chemsha githeri ya siku tatu. Ponda mukimo ya kutosha. Viazi vya Molo na karoti ni rahisi sokoni kwetu, na mtoto aliyekataa viazi leo atavila kesho vikiwa na umbo lingine. Mkubwa akikataa kila kitu isipokuwa ugali mkavu, mpe ugali mkavu, weka sukuma na maharagwe kando ya sahani, na uongee kuhusu jambo lingine. Usibembeleze kijiko kwa kijiko. Kazi yako ni kuamua kinachowekwa mezani na saa ya kula. Kuingiza tumboni ni kazi yake. Mtoto mwenye afya anayekula kidogo jioni moja haharibikiwi, na uji wa wimbi wa asubuhi utalipa deni.

Kuoga: wote wawili kwenye karai moja, kwa pamoja, hata kama Mkubwa anadai kwamba Mdogo amekojoa majini. Amekojoa kweli. Badilisha maji na uendelee. Taulo na nguo za kulalia ziwe tayari kando ya karai kabla ya mtu yeyote kulowa, kwa maana huruhusiwi kwenda kuzichukua. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kuzamisha mtoto wa mwaka mmoja, na hazami kwa kelele. Simu ikilia, na ilie. Mtu akibisha hodi, mwambie angoje.

Runinga si dhambi. Chaneli ya Akili Kids! imekuwa hewani tangu Machi 2020, na ina vipindi ambavyo Mkubwa atajifunza navyo kuhesabu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele yake kabisa. Basi ihifadhi saa hiyo moja ya Mkubwa. Usiitumie asubuhi jua likiwa nje na matope yakiwa bure. Itumie jioni, wakati wa kupasha chakula, Mdogo akiwa mgongoni mwako amefungwa kwa leso, mbali na moto.

Kisha kuna choo. Usijifungie. Mlango uliofungwa ni mwaliko, na watakaa nje yake wakiita jina lako na kusukuma vidole chini ya mlango. Acha wazi, ingia na kitabu chenye picha, kiweke sakafuni. Heshima yako itarudi Mdogo akiingia darasa la kwanza.

Saa mbili kasoro wawe kitandani. Watoto wa umri wa Mdogo wanahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, wa umri wa Mkubwa saa 10 hadi 13, na utaratibu ukiwa uleule kila siku, miili yao huanza kusinzia kabla hujawaambia. Vyombo vichafu viache. Nasema hivi nikijua shosho atasoma: vyombo viache. Nusu saa ya kukaa kitako kimya baada ya watoto kulala ndiyo inayokufanya uwe mtu mwema kesho yake.

Mambo ya kutochezea

Haya ni machache na sina utani nayo.

Nakuru ni baridi, na Molo na Mau Narok ni baridi zaidi. Kati ya Juni na Agosti kuna mtu kila mwaka anayeingiza jiko la makaa chumba cha kulala na kufunga madirisha. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua familia nzima ikiwa usingizini. Wavishe watoto soksi mbili, walaze pamoja nawe, ongeza blanketi. Jiko libaki nje.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu yakipanda juu yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitalini mara moja na ubebe chupa. Uwe tayari na namba ya mwenye bodaboda au teksi unayemwamini, anayejua mlango wako, na uwe umeshakubaliana naye mchana kuhusu safari za usiku. Weka pia pakiti za ORS na vidonge vya zinki ndani ya nyumba, kwa maana kuhara huanza usiku wa manane mvua ikinyesha.

Na maji. Watu wengi wa Bonde la Ufa wenye meno ya kahawia hawakuzaliwa na kasoro yoyote ya meno. Floridi ndiyo iliyowafanyia hivyo, kutoka kwenye maji ya visima vyetu, na iliwafanyia walipokuwa na umri wa watoto wako, wakati meno ya kudumu yanaundwa ndani ya ufizi. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji ya kunywa ya watoto yawe ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeieneza kwa miaka mingi. Ukiwa peke yako unaweza kuahirisha mambo mengi hadi baba arudi. Meno hayangoji.

Simu

Kwanza, usimpigie baba akiwa anateremka. Kutoka Mau Summit kuja Salgaa barabara inashuka kwa kilomita nyingi, na breki za treila iliyopakia hupata moto. Sote tunajua majina ya pale. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori ziligongana Migaa, watu 36 wakafa. Mkubwa anaweza kulia kwamba anataka baba sasa hivi, mwache alie. Mpango uwe kwamba baba ndiye anayepiga, akiwa ameegesha, injini imezimwa.

Pili, usitarajie mazungumzo. Mtoto wa miaka mitatu akipewa simu ya video humwonyesha babake dari, kisha goti, kisha ndani ya pua, kisha hukata. Mdogo hulamba skrini. Baba aliyekuwa amengoja siku nzima Malaba huvunjika moyo na kusema watoto wamemsahau. Hawajamsahau. Hawajui tu kujibu "habari za leo". Weka simu ikiegemea thermosi wakati wa chakula, yeye ale chapati yake huko, wao wale githeri yao hapa, bila mtu kuulizwa swali. Dakika kumi za kula pamoja namna hiyo zinazidi nusu saa ya "mwambie baba hujambo". Usiku usio na mtandao, mwombe awe na ujumbe wa sauti aliourekodi mapema: ngano fupi ya sungura na fisi, kwa sauti yake, ambayo utaicheza kila usiku hadi uikariri pamoja na kikohozi kilichomo katikati.

Na wapeleke kuona kazi yake. Simameni mahali salama juu ya barabara, mbali na ukingo, mtazame malori yakipita. Mdogo ataita kila treila "Baba!" na kuipungia mkono, na madereva wengine watampigia honi, kwa maana nao wana Mdogo mahali fulani. Hapo Mkubwa anapata jibu ambalo maneno hayakumpa: mahali baba alipo pana magurudumu, ni pakubwa, na watu wa huko wana roho nzuri.

Ploti

Wengi wetu tunaishi kwenye ploti, milango ikitazamana, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Huu ni utajiri. Mwanao anaweza kuwa na cucu Bahati na bado akawa na kogo nyumba ya tatu, kukhu nyumba ya sita na dani pale karibu na geti, na nyanya hao wote wanne wana maoni kuhusu kofia ya Mdogo. Pokea maoni yote. Mvalishe kofia.

Unapoomba msaada, omba kitu chenye mipaka. Ukisema "nimechoka, nisaidieni", watu watakuhurumia na kuingia ndani. Ukisema "Mama Fulani, nishikie Mdogo hadi nitoke Soko la Wakulima", utarudi na kumkuta Mdogo amekula, ameogeshwa na amesukwa nywele zisizosukika. Rudisha kwa namna hiyohiyo, siku ileile ya wiki, ili isiwe fadhila bali zamu. Mkiwa na chama, wekeni kwenye ajenda, kabla ya michango: nani anahitaji saa mbili Jumamosi hii?

Kuna jioni ambapo hata ploti haitoshi. Wote wawili wanalia, umeshapaza sauti, na mkono wako unataka kufanya jambo ambalo moyo wako haulitaki. Mweke kila mtoto mahali salama, toka nje ya mlango, simama hapo upumue hadi mikono itulie. Kulia hakutawadhuru kwa dakika hizo. Kama hakuna wa kuongea naye, namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, saa zote, na mzazi anaruhusiwa kuipiga. Kuomba msaada mapema ni sehemu ya kulea, sawa na kupika.

Siku ya kurudi

Kila mtu hukuonya kuhusu kuondoka. Kurudi ndiko kugumu, na ndiko kunakohitaji mpango.

Atafika saa tano usiku, maana treila hazijui saa ya kulala. Atataka kuwaamsha. Mkatalie kwa upendo. Atakuwa amebeba nanasi la Uganda, ndizi mkungu mzima na peremende za kutosha darasa. Ficha peremende. Asubuhi Mkubwa atamrukia, lakini Mdogo atajificha nyuma ya goti lako na kumtazama kana kwamba ni fundi wa bomba. Mwambie baba mapema kwamba hili litatokea, ili asiumie. Asimnyakue. Akae sakafuni na kufanya kitu cha kuvutia, kama kupanga vifuniko vya sufuria, na angoje. Mdogo atakuja mwenyewe, kwanza kwa vifuniko.

Kisha mtatazamana nyinyi wawili, na kila mmoja atakuwa amechoka kuliko mwenzake. Yeye amelala kwenye kabini akisikiliza kama kuna mtu anaiba dizeli. Wewe hujalala usiku mmoja mzima tangu aondoke. Msishindane. Uchovu wote ni wa kweli na hakuna kikombe. Siku ya kwanza mpe alale, alale kweli, uwapeleke watoto nje. Siku ya pili ni yako.

Siku ya pili ondoka nyumbani. Usibaki ukisimamia, kwa sababu ukibaki, watoto watakuja kwako kwa kila jambo na yeye atageuka mgeni anayeombwa kusogeza miguu mkifagia. Nenda saluni, nenda kwa dada yako Njoro, nenda ukakae Nyayo Gardens bila kushikwa na mtu yeyote. Usiache maelekezo marefu. Atamvalisha Mdogo suruali kinyume, atawapa chai na mkate mara mbili, atasahau usingizi wa mchana, na saa kumi na moja jioni serikali itamfundisha yote yaliyoandikwa hapo juu kwa haraka kuliko mimi. Ukirudi, usigeuze suruali. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba kwa wajibu sawa, wawe wameoana au la, na nimeisoma yote: haijataja treila popote. Baba anayekaa nyumbani siku nne anaweza kuwa mzazi kamili kwa siku nne, mradi tu umwachie nafasi ya kuwa.

Na mpe jambo moja ambalo ni lake kabisa, safari hadi safari. Napendekeza kliniki. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akifikisha miezi 18, na Mdogo anakaribia. Atapimwa uzito, na huenda atapewa matone ya vitamini A kama miezi sita imepita. Baba ampeleke yeye, peke yake. Akina mama kwenye benchi watamtazama, kisha watamsogezea nafasi, kisha watamwonyesha namna ya kumshika mtoto mkono wakati wa sindano. Kijitabu cha kliniki kiko kwenye droo ya juu, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Abebe nepi mbili, chupa ya maji na ndizi moja ya ule mkungu, na atoke saa moja asubuhi, kwa sababu foleni huanza mapema na Mdogo hana subira baada ya saa nne.